Siku Tuliyowafunga Wazee Macho Mara ya Pili

Haya niliyaandika miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi karibu na Kabati. Nayaweka hapa kwenye blogu kama yalivyo. Majina tu nimebadilisha.

Jumapili, mwezi wa nane. Baridi asubuhi, upepo mchana, na vumbi jekundu kila mahali, hadi ndani ya sufuria ya maziwa.

Nimerudi kutoka hospitali ya Kitui sasa hivi. Nimeosha mikono kwa sabuni ya kipande, nikaosha tena, na bado sitaki kushika chakula. Jirani ameniletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Nimemshukuru, nikaufunika kwa sahani.

Nasikia kichefuchefu. Si tumbo. Ni watu.

Nianze na klabu, maana bila klabu hakuna haya yote. Tunaiita Jirani Mwema. Tunakutana kila Ijumaa jioni katika chumba cha nyuma cha hoteli moja hapa Kabati: wenye maduka, walimu, bwana shamba, na wake za watu wenye nafasi. Kazi yetu ni kusaidia. Tumepanda miti, tumejenga choo cha zahanati, tumegawa blanketi. Tukimaliza mambo ya mkutano tunakula nyama na kucheka pamoja, na hiyo ndiyo sehemu tunayoiita ushirika. Aliyenipeleka ni Bi. Katunge, mwalimu mkuu wangu. Nilifurahi sana. Sitajidanganya hapa, nilipenda kuonekana nimeketi na watu wale. Msichana wa nyumba ya nyasi, ninapewa soda baridi na mwenyekiti ananiita "mwalimu wetu."

Mwenyekiti ni Bwana Kilonzo, mwenye duka la jumla. Ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Wazo la kambi ya macho lilikuwa lake, na lilikuwa wazo zuri. Hilo siwezi kumnyima. Alimpata daktari wa Nairobi aliyekubali kuja kwa kujitolea wakati shule zimefungwa, tukampa darasa la nane liwe chumba cha upasuaji, na darasa la saba liwe wodi. Pamoja naye alikuja muuguzi, Sista Mwende, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno.

Wazee walianza kufika kabla daktari hajafika. Wengine waliletwa kwa mkokoteni, wengine walishika ncha ya fimbo ambayo mjukuu ameshika ncha ya pili. Macho yenye ukungu mweupe. Macho yenye tongo, na nzi wametulia pembeni kana kwamba ni kwao.

Kazi yangu ilikuwa kuosha nyuso na kupeleka uji. Uso wa kwanza niliposhika, nilikimbia nyuma ya jiko la shule nikatapika. Sista Mwende alinifuata.

"Tapika umalize," akasema, "halafu urudi. Maji yanapoa."

Nilirudi. Kufikia jioni nilikuwa nimezoea, na nilijiona mtu.

Wagonjwa wawili nitawataja, kwa sababu hao ndio kisa chenyewe.

Wa kwanza ni Susu Kalunde, yaani Nyanya Kalunde kwa Kikamba chetu, kutoka upande wa Kwa Vonza. Aliletwa na mke wa mwanawe, Ndinda, na njia nzima, Ndinda alisema, walikuwa wanabishana juu ya ng'ombe. Susu alikuwa na hakika kwamba ng'ombe wake aliuzwa zamani, na kwamba kengele anayoisikia bomani kila jioni imefungwa kwenye shingo ya ng'ombe wa jirani ili adanganyike.

"Nikiona nitajua," alikuwa akiniambia kila nikimletea uji. "Na wao wanajua kwamba nitajua. Ona anavyonyamaza huyu."

Ndinda alikuwa anacheka mpaka analia. Ng'ombe yupo, aliniapia. Amezeeka tu.

Wa pili ni Mzee Nzioka. Alifanya kazi ya reli huko Makindu ujana wake wote, kisha macho yakafifia akarudi kwa dada yake upande huu. Huyo sikumpenda. Uji ulikuwa mwepesi, uji ulikuwa moto, mkeka ulikuwa na chawa, mimi nilikuwa na mikono mizito. Alikuwa akivuta ugoro na kutema pale pale ninapopiga deki. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na alikitumia chote kunigombeza.

Daktari alifanya kazi Alhamisi na Ijumaa kutwa. Kila mgonjwa alipasuliwa jicho moja, lile lililo tayari zaidi. Ijumaa jioni akaondoka, maana alikuwa na wagonjwa wake Nairobi. Alimwachia Sista dawa na maagizo: vitambaa vifunguliwe Jumamosi asubuhi, ndani, milango ikiwa imefungwa, kwa mikono safi. Jicho lisafishwe, litiwe dawa, lifunikwe tena, na watu wale wasitoke nje kwenye upepo.

Sista aliyafuata maneno yale kama sala. Jumamosi tuliamka tukapiga deki darasa kwa maji ya dawa, tukafunga madirisha. Alikuwa akiosha mikono kila baada ya mtu mmoja. Anafungua, anasafisha, kisha anamshikia mgonjwa miwani minene ya majaribio mbele ya jicho na kuuliza, "Unaona nini?"

Susu Kalunde alimtazama Ndinda muda mrefu. Sisi tulingoja aseme jambo la ng'ombe. Hakusema. Alinyoosha mkono akamgusa Ndinda kwenye shavu, akasema kwa Kikamba, "Umekonda, mwanangu. Hukuniambia kwamba umekonda."

Ndinda akatoka nje.

Mzee Nzioka naye alinikodolea jicho kupitia ile miwani. "Ni wewe unayeleta uji? Kumbe ni katoto hivi! Kwa ile sauti nilidhani ni mama mnene." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mwenye haya, kwa sababu alikuwa anafuta midomo yake na kujikunja ili tusimwone usoni.

Laiti siku ingeishia hapo.

Bwana Kilonzo alifika tunapomaliza kuwafunika. Amevaa suti. Uwanjani vijana walikuwa wanasimamisha turubai, na wanaklabu wengine walikuwa wanachoma mbuzi kando ya bomba. Mgeni wa heshima alikuwa anatarajiwa kutoka Nairobi pamoja na mpiga picha. Mwenyekiti alisimama mlangoni, akatazama wagonjwa, mmoja ana miwani mkononi anacheza nayo.

"Nani aliwaambia mfungue?"

"Daktari," Sista akasema.

"Mgeni hajafika! Sasa tutamfungulia nini?"

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri ni sanduku, au jengo. Kumbe kwenye programu yao waliandika kwamba mgeni wa heshima atashuhudia wazee wakifunguliwa macho, hapo uwanjani, mbele ya watu. Klabu nzima ilijua. Mimi labda siku lilipojadiliwa nilikuwa shambani kwetu, au labda ilisemwa na sikusikiliza.

Sista alimweleza kwa utaratibu. Upepo. Vumbi. Jicho lililokatwa jana. Bwana Kilonzo alimsikiliza huku anatikisa kichwa kama mtu anayekubali, halafu akasema, "Dakika moja tu, Sista. Ni kitambaa, si kisu. Wafungwe tena vizuri, vitambaa vikubwa, macho yote mawili, picha ionekane. Tutafungua mbele ya mgeni, halafu mnawarudisha."

"Siwezi kufanya hivyo."

"Basi nitampigia simu mkubwa wako nimwambie umetuharibia kazi ya mwaka mzima."

Walivutana. Mwishowe mwenyekiti akapunguza: watu wawili tu. Mwanamke mmoja, mwanamume mmoja. Akawachagua mwenyewe kwa kuwatazama, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Susu Kalunde, kwa sababu alikuwa na uso mzuri. Mzee Nzioka, kwa sababu alijua Kiswahili.

Sista alikataa kuwafunga. Mimi nilikataa pia, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo na hakuna aliyenigeukia. Akaitwa Bwana Musembi, katibu wa klabu, mwalimu wa michezo aliyepata mafunzo ya huduma ya kwanza. Bwana Musembi alitoka kwenye mbuzi. Alikuwa akikata nyama. Alijipangusa mikono kwenye suruali, mbele yangu, akaingia.

Nayaona mafuta yale hata sasa, chini ya kucha zake.

"Ngoja uoshe mikono," Sista akasema.

"Wamefika karibu, Sista, hakuna wakati," akajibu kwa upole. Si mtu mbaya, Musembi. Alikuwa anamwambia Mzee Nzioka "pole, pole" huku anamzungushia bendeji kichwani.

Na mgeni hakuwa amefika karibu. Wazee wale wawili waliketishwa kwenye viti mbele ya turubai, nje ya kivuli, macho yote mawili yamefungwa, wakangoja mpaka jua likapita utosini. Susu aliniuliza mara kadhaa kama wamemfunga kwa sababu ameona vibaya. Nilimwambia hapana, susu, umeona vizuri. "Basi kwa nini?" Nilimwekea leso begani. Harufu ya mbuzi ilikuwa inatujia pale tulipo, na wale wazee hawakuwa wamekula tangu uji wa asubuhi.

Mgeni alishuka kwenye gari, akapigiwa ngoma, akavikwa kikoi. Hotuba zikaanza. Nilikuwa nimepewa kazi ya kutafsiri, kwa kuwa mgeni hakujua Kikamba. Bwana Kilonzo alimsimamia Susu Kalunde, akamfungua taratibu, akamvisha miwani, akainua mkono kwa mpiga picha.

"Mama," mgeni akainama, "unaniona?"

Susu alimtazama. Akatazama suti, akatazama watu wote wale. Kisha akasema kwa Kikamba, bila haraka, na sauti yake ilifika mbali:

"Nakuona. Lakini nilianza kuona asubuhi. Nilimwona mke wa mwanangu. Hawa wakanifunga tena ili wewe upate kunikuta nikiwa kipofu."

Wanawake waliokaa chini waliguna. Mgeni akanigeukia, anatabasamu, anangoja.

"Sema anashukuru," Bwana Kilonzo akaninong'oneza. Mkono wake ulikuwa kwenye kiwiko changu.

Nilimwona Bi. Katunge kwenye safu ya mbele, ananitolea macho. Nikatafsiri. Neno kwa neno, sikupunguza wala sikuongeza.

Nilidhani kitatokea kitu. Nilidhani mgeni ataudhika, au ataona aibu, au angalau atauliza.

Alicheka! Alicheka kicheko kizuri cha moyoni, akampiga Susu begani. "Mama yetu ni mcheshi sana," akasema kwenye kipaza sauti, na klabu yote ikacheka pamoja naye kwa kushukuru, na mpiga picha akapiga picha watu wakiwa wanacheka. Picha nzuri. Nimeiona.

Kisha zamu ya Mzee Nzioka. Walikuwa wamemfungua tayari, miwani bado haijavikwa, wakati upepo ulipokuja. Kile kimbunga chetu cha mwezi wa nane kinachozunguka uwanjani kikiinua karatasi na majani makavu. Kila mtu alifunika uso. Mgeni alifunikwa na walinzi wake. Mzee Nzioka hakukiona kikija. Alibaki ameinua uso, kama alivyoambiwa, jicho wazi. Vumbi likamjaa. Aliinua mkono kujikuna, na Bwana Musembi akamwahi, akatoa hanchifu mfukoni, ile aliyojifutia jasho na mafuta kutwa, akampangusa. Akampangusa vizuri sana. Ndani ya jicho.

Sista Mwende alikuja mbio na leso akamfunika kichwa kizima, akamvuta. Wakati anapita karibu nami nilisikia anavyopumua.

Hotuba ziliendelea. Nyama ikaliwa. Wagonjwa wakapata uji.

Susu Kalunde alipona salama, asante Mungu. Jumatatu asubuhi aliondoka na Ndinda, na miwani yake. Lakini Mzee Nzioka Jumatatu hakunigombeza. Nilimpa uji akauweka chini. Jumanne kope ilikuwa imevimba, na Sista alipolifungua jicho ulitoka usaha wa rangi ya kijani. Siandiki zaidi. Mimi niliyetapika kwa uso wa kwanza sikutapika safari hii, nilishikilia karai.

Tuliomba pikapu ya mwenyekiti tumkimbize Kitui. Tukaambiwa imepeleka kreti za soda Kwa Vonza, tungoje. Tulipanda basi. Alhamisi madaktari walilitoa jicho lile.

Sasa Ijumaa.

Nilienda mkutanoni. Nilitaka waambiwe, na nilitaka niwe hapo wakiambiwa. Bwana Musembi alisoma ripoti ya kambi: mafanikio makubwa, mgeni ameridhika, ameahidi kurudi. Makofi. Picha zikapitishwa mkono kwa mkono. Sahani za nyama zikaletwa. Nikasimama.

"Mzee Nzioka ametolewa jicho jana."

"Tumesikia, mwalimu, tumesikitika," Bwana Kilonzo akasema. "Lakini tuangalie waliopona. Wazee hawa wanatoka nyumba chafu, wanajishikashika. Sista angemchunga."

"Sista alikataa mzee afunguliwe nje. Ulikuwepo. Mlimpangusa kwa hanchifu."

Bwana Musembi alitazama sahani yake.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "huu ni wakati wa ushirika. Tusiuharibu." Akachukua ubavu wa mbuzi kwa vidole, akaniwekea yeye mwenyewe kwenye sahani yangu, kama baba. Mafuta yakatapakaa. Na watu wakarudia mazungumzo yao. Kabla sijaketi, mtu alikuwa ameanza kisa cha kuchekesha, na Bi. Katunge akacheka.

Niliondoka. Hakuna aliyeuliza naenda wapi, labda walifikiri ni chooni.

Leo baada ya ibada nilienda hospitali. Sikutaka kwenda. Nilikuwa naogopa lile shimo chini ya bendeji, na nilikuwa naogopa atakavyosema. Nilimkuta ameketi kitandani, ukuta mgongoni. Alinitambua kwa hatua.

"Ni wewe mwenye sauti ya mama mnene."

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wanasema nibaki hapa, yule daktari wa Nairobi atakuja mwezi ujao afanye hili lingine." Akaligusa jicho lililobaki, lenye ukungu wake. "Nimewaambia hapana. Hili ni langu. Nitakufa nalo likiwa bovu, lakini likiwa langu."

Nilimwambia daktari yule hakukosea. Nilimwambia jicho lilikuwa zima, yeye mwenyewe aliona, alinicheka. Kisha akasema jambo ambalo limekaa nami njia nzima kutoka Kitui.

"Niliona kidogo sana, mwalimu. Nilikuona wewe, nikaona dirisha limefungwa. Nikasema kesho nitaona nje."

Nikalia. Sikumficha, ingawa ningeweza.

Baadaye akasema, "Nikikubali, nani atakaa mlangoni?"

"Mimi."

"Na hakuna mtu wa klabu ile ataingia? Hata wa kuleta maua?"

"Hakuna."

Akageuza uso upande wangu. "Lakini si wewe pia ni wa klabu?"

Nilikuwa sijajiuzulu. Jana kutwa nilikuwa najiambia kwamba ni afadhali kubaki ndani na kuwarekebisha polepole, kwamba Bi. Katunge ndiye anayeandika ripoti yangu ya kazi, kwamba mtu mmoja akitoka haitabadilisha kitu. Maneno mengi ya busara.

"Hapana, mzee," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa."

Akauliza kama hospitali hii wana sukari, maana chai yao ni maji ya kuoshea vikombe. Hakusema atakubali. Lakini alisema mwezi ujao uko karibu, na kwamba nisije na viatu vya kelele.

Bado nasikia kichefuchefu ninapoandika. Nilifikiri kitaisha nikishaandika, na hakijaisha. Labda si kitu cha kuisha haraka. Labda nikiharakisha kukimaliza, Ijumaa nitajikuta nimeketi tena chumba kile cha nyuma, na soda.

Asubuhi, kabla Bi. Katunge hajafungua ofisi, ambayo huifungua hata wakati wa likizo, nitakuwa nimesimama mlangoni pake na barua ya kujiuzulu klabu.